Funga ya Mheshimiwa

Siku ya tano ya Ramadhani, saa saba mchana, Mheshimiwa alikataa vibua kwa mara ya tano, na watu wa studio wakaacha kazi zao wakaja kumtazama.

Alikuwa paka dume, mweupe mwenye koti jeusi mgongoni, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja na filamu sita. Jina lilimganda tangu utoto kwa sababu ya mwendo wake. Hakukimbia, hakutazama nyuma, na akiingia mahali alisimama kwanza mlangoni kama anayengoja watu wainuke. Siku ile aliletewa sahani yake kama kawaida, vibua vitatu, samaki wadogo waliochemshwa bila chumvi. Akavinusa. Akameza mate, koo lilionekana likipanda na kushuka. Kisha akajivuta nyuma hatua mbili, akakaa akivitazama, mkia kauzungusha miguuni.

Mbaruku, fundi taa, akasema huyu sasa amewapita hata baadhi ya binadamu anaowajua, na akamgeukia mpiga picha mmoja, akamkazia macho mpaka watu wakacheka. Mwingine akauliza kama Mheshimiwa atakuja hata kusali tarawehe. Magharibi ilipoingia, watu walipotia tende kinywani, paka naye akainuka, akala vibua vyote vitatu na sahani akailamba.

Mwajabu binti Kilua, mlezi wake, alicheka pamoja nao. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa miaka sita hakuwa na kazi nyingine ila paka huyu. Aliona fahari. Alifikiri, kama walivyofikiri wote, kwamba mnyama akikaa na watu wa heri, heri humwambukiza.

Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mkonge, nje kidogo ya mji wa Tanga. Lilikaa miaka na popo wake mpaka sinema za wanyama zilipoanza. Nazo zilianza kwa sababu watu walichoka. Muda mrefu mashine ndizo zilizokuwa zikichora kila kitu, nyuso na mvua na machozi, na paka wa mashine walikuwa wazuri kupita kiasi. Walilia machozi, na paka gani aliyepata kulia machozi? Basi watazamaji wakaanza kupungua ukumbini, wakataka kuona kitu kinachopumua. Wakarudi paka wa kweli, mbuzi wa kweli, kunguru wa kweli. Na pamoja nao ikaja sheria, maana watu wale wale waliotaka mnyama wa kweli hawakutaka aonewe. Kila filamu ilipaswa kuonyesha muhuri mwanzoni: *Mnyama huyu aliulizwa, akaridhia.*

Kuulizwa kwenyewe kulikuwa hivi. Kabla ya kila tukio la kupigwa picha, paka aliingizwa katika chumba kidogo chenye vijilango viwili vya kimo chake. Kimoja kilitokea uwanja wa picha, kimoja kilitokea uani, penye jua na mchanga. Chakula hakikuruhusiwa karibu na mlango wowote, kwa kuwa chakula ni hongo. Mkaguzi wa serikali alisimama, na mlezi, na shahidi mmoja wa kuhesabu. Paka aliulizwa mara tatu, na kila mara ilihesabiwa mpaka sitini. Akivuka kwenda uwanjani mara zote tatu, ameridhia. Akienda uani hata mara moja, amekataa. Asipovuka kokote, akakaa tu kimya, amekataa vilevile. Na hata jibu likijulikana mapema, lazima zitimie tatu.

Mlezi alivaa bangili. Paka alitogwa sikio la kushoto akatiwa kipini kidogo kama punje ya mtama, na kutoka kwenye kipini uliteremka uzi mwembamba kuliko unywele, ukapita chini ya ngozi mpaka nyuma ya fuvu, pale ambapo mwili huamua kulisogelea jambo au kulikimbia kabla kichwa hakijapata habari. Alichokisikia uzi, bangili ilikisema mkononi mwa mlezi. Joto ni kutaka, baridi ni kutotaka. Mafundi walioileta walisema habari inakwenda njia moja tu, kutoka kwa paka kuja kwa mtu, kama maji ya mvua kwenye bomba la paa. Mwajabu aliishia darasa la nne. Aliyashika maneno yao kama yalivyokuja.

Kijitabu cha mafundi kiliagiza bangili ivuliwe kila jioni. Hilo Mwajabu hakulifanya hata siku moja, na sababu hakumwambia mtu. Alipofiwa na mume alikaa eda miezi minne na siku kumi, mikono mitupu, masikio matupu. Wiki ile aliyotoka eda ndiyo aliyoajiriwa, na bangili ile ikawa kitu cha kwanza kurudi mkononi mwake. Ilikuwa na joto. Akalala nayo, akaamka nayo, miaka sita.

*

Siku ya tisa ya mfungo homa ilimshika Mwajabu. Tabibu akampima akakuta malaria, akampa dawa, akamkataza kufunga siku tatu. Mchana akalala katika chumba chake nyuma ya ghala, akanywa uji kidogo, akajifunika kanga mbili.

Alasiri Mbaruku alipita kumjulia hali. Alisimama nje ya mlango kwa adabu, akamwambia kila kitu kiko sawa isipokuwa mtu mmoja ameleta aibu.

"Nani huyo?"

"Mheshimiwa wako. Kala mchana. Vibua vitatu vyote, mbele za watu, hata haya hana."

Mwajabu akatabasamu kwa ajili ya Mbaruku, kisha akamuuliza ilikuwa saa ngapi. Mbaruku akajibu saa saba kasoro, walipokuwa wakipima taa za bwawa. Mwajabu akatazama bakuli la uji pale chini. Naye alikunywa saa saba kasoro.

Siku ya kumi akanywa uji, na paka akala. Siku ya kumi na moja vivyo hivyo. Siku ya kumi na mbili homa ilikuwa imemtoka, akala daku, akafunga, na saa saba mchana akamwekea Mheshimiwa sahani mwenyewe. Paka akanusa, akameza mate, akajivuta nyuma hatua mbili.

Mwajabu alikaa akamtazama kwa muda. Kisha akaivua bangili. Ilikuwa kazi, kwa sababu mkono ulikuwa umenenepa ndani yake. Alipaka sabuni, akaizungusha, ikatoka. Ngozi iliyokuwa chini ilikuwa nyororo na imepauka, kama ngozi iliyokaa ndani ya bendeji. Akaitia bangili katika kopo la mchele, akafunga kifuniko, akalipeleka kopo mpaka stoo ya taa, mwisho kabisa wa ghala, hatua mia mbili na zaidi. Akarudi polepole, maana magoti yalikuwa bado ya mgonjwa.

Alipofika, sahani ilikuwa tupu.

Hapo ndipo alipoelewa, na hakuhitaji fundi wa kumwelewesha. Bomba literemshalo maji ndilo panya hulipandia. Miaka sita ya kuvaliwa usiku na mchana ilikuwa imechimba njia ya pili. Njaa ilikuwa ya paka mwenyewe. Aliisikia sawasawa, ndiyo maana alimeza mate. Kujizuia ndiko kulikokuwa kwa Mwajabu. Mnyama asiyejua mwezi wala adhana alikaa na njaa mbele ya chakula chake siku nzima, akizuiwa na nia ya mtu mwingine, na watu arobaini wakaona ni kichekesho.

Akamchukua kifuani, akaenda naye chumba cha vijilango viwili. Hapakuwa na mtu. Akamweka katikati, akamuuliza kama anavyomuuliza siku zote, "Mheshimiwa, uko radhi?" Kisha akahesabu. Mheshimiwa alikitazama kijilango cha uwanja wa picha kama anayekiona mara ya kwanza. Akajilamba bega. Akatoka zake uani, akajinyoosha juu ya mchanga.

Mwajabu alikaa sakafuni. Alijaribu kukumbuka wameuliza mara ngapi tangu filamu ya kwanza, akafika mia tatu akaacha. Mara zote mia tatu yeye ndiye aliyetaka. Alitaka kazi ipendeze, alitaka Mheshimiwa apigiwe makofi. Aliambiwa asikilize moyo wa paka, na kumbe alikuwa akisikiliza wake ukirudi kama mwangwi kutoka kisimani.

Kulikuwa na jambo jingine, la zamani, na lilikuja bila kuitwa. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, kwao Muheza, mjomba wake alikuja mlangoni na mashahidi wawili, akamuuliza kama yuko radhi kuozwa kwa Salehe bin Mbega. Yeye alikuwa chumbani amekaa kwenye mkeka, kanga usoni, shangazi kando yake kamshika mkono. Aliulizwa mara ya kwanza. Mara ya pili. Alitaka kusema ngojeni kidogo, si zaidi ya hayo, lakini shangazi aliuminya ule mkono, na ulimi ukawa mzito. Mara ya tatu akanyamaza tena. Mjomba akasema kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake, na vigelegele vikapigwa. Salehe hakuwa mtu mbaya. Alikaa naye miaka ishirini na tisa, akamzika kwa machozi ya kweli. Lakini hilo la mlangoni hakumwambia, wala hakumwambia mtu mwingine yeyote. Na alipoisikia sheria ya wanyama mara ya kwanza, kwamba kwao kimya ni kukataa, alifurahi sana, hata watu wakamshangaa.

*

Filamu ya mwaka ule ilikuwa ya mafuriko. Mzee asiyeona amesahaulika ndani ya nyumba, maji yanapanda, na paka wake anavuka chumba kwa kuogelea mpaka juu ya kabati alipopanda mzee. Hilo ndilo tukio la mwisho, na ndilo lililobaki. Bwawa la saruji lilikuwa limejengwa ndani ya ghala, maji ya vuguvugu, kina kiunoni mwa mtu, hatua kumi na mbili kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kupigwa picha kulipangwa siku ya kumi na tatu, yaani kesho yake. Wenye filamu walikwisha kusema wazi: bila paka majini hakuna filamu, na bila filamu hii ghala lirudi kwa popo.

Mwongozaji alikuwa Ghanima, mwanamke wa miaka thelathini na miwili. Alianza pale akishona nguo za waigizaji, na tangu siku ya kwanza alimwita Mwajabu mama. Jioni ile, baada ya kufuturu, Mwajabu alimwita pembeni, wakakaa juu ya kingo za bwawa na vikombe vyao vya uji wa pilipili manga. Akamweleza yote, kuanzia vibua mpaka kopo la mchele. Ghanima alisikiliza bila kumkatiza. Uji wake ukapoa.

Kisha akauliza nani mwingine anajua. Mwajabu akasema hakuna.

"Basi mama, tuseme ukweli wetu hapa," Ghanima akasema. "Kesho ukivaa bangili, Mheshimiwa hataogopa. Utulivu wako ndio utakaokuwa ndani yake. Maji ya vuguvugu, wapiga mbizi wanne, hatua kumi na mbili. Atatoka, utamfuta, basi. Amedhurika wapi?"

Mwajabu akakiri kwamba hatadhurika.

"Na mtoto hupelekwa chanjo akilia. Anaulizwa?"

"Haulizwi. Lakini hatumpigi muhuri usoni kwamba aliridhia."

Ghanima akacheka kidogo, bila furaha. Akamkumbusha Mheshimiwa alikotoka, mfereji wa soko la samaki, jicho moja limefumbwa kwa usaha, na hakuna aliyemuuliza kama anaridhia kuokotwa. Akamtajia watu wa studio mmoja mmoja, Mbaruku na wanawe, mpishi, mafundi seremala. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu watu waliomo ndani ya nyumba kabla ya kufunga mlango.

"Kuna hili jingine," akaendelea, sauti imeshuka. "Kumpa mtu ujasiri wako avuke maji, wengine wanaita huruma."

Lilikuwa neno la kweli. Ni kweli kwamba bila bangili paka angeogopa, na kwa bangili asingeogopa. Aligeuza kikombe mkononi.

"Hapo umenishika, mwanangu," akasema mwishowe. "Ningekuwa na jibu ningekupa. Ninachokiona ni kimoja tu. Asiyeweza kuogopa hawezi kukataa. Na sisi tunasema tulimuuliza."

Ghanima akaweka kikombe chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini sauti ilikuwa ya kazi.

"Sikuombi useme uongo, mama. Sitathubutu. Kesho vaa bangili, uliza kama unavyouliza siku zote, kisha nyamaza. Nyamaza tu."

"Nilishanyamaza mara moja," Mwajabu akasema.

Ghanima hakuelewa, na Mwajabu hakumfafanulia. Aliinuka, akakusanya vikombe vyote viwili, akaenda kuviosha.

*

Mkaguzi alifika asubuhi kutoka Dodoma, kaketi peke yake ndani ya gari lisilo na dereva. Aliitwa Bwana Chiwanga, Mgogo mrefu mwenye sauti ya chini, na walimpenda pale kwa sababu ya adabu yake. Yeye ni Mkristo, lakini kila Ramadhani alikula chakula chake ndani ya gari, vioo vimefungwa, ili asile mbele ya waliofunga. Alipoonyeshwa bwawa alisimama mbali. Akawaambia kwa mzaha kwamba wao Tanga wamezaliwa na maji. Yeye akiwa mdogo alitumbukia katika lambo la ng'ombe, akanywa matope mpaka akakata tamaa, na mpaka leo anaoga kwa kata, bomba la mvua haliwezi.

Saa saba mchana wakaingia chumba cha vijilango viwili, Bwana Chiwanga na daftari lake, Mbaruku wa kuhesabu, Mwajabu na bangili yake mkononi. Bakuli la vibua aliliacha nyuma yao wote, chini ya kiti chake, mbali na milango. Kwa kijilango cha uwanjani, kilichokuwa wazi, bwawa lilionekana, na Ghanima kando yake na watu wote nyuma yake, kimya.

"Mheshimiwa, uko radhi?"

Mwajabu alikuwa ameazimia. Usiku kucha aliuambia moyo wake neno moja, usiende, usiende. Alifikiri nia yake ikisimama imara, paka atabaki, na jambo litakwisha kwa upole, bila kumwaibisha mtu. Mbaruku alipofika kumi na mbili, Mwajabu akainua macho akamwona Ghanima. Mikono kaifumbata kifuani kama anayeombea mgonjwa. Na moyo wa Mwajabu, bila kumuuliza mwenyewe, ukamwonea huruma.

Bangili ikapata joto. Mheshimiwa akainuka, akavuka kwenda uwanjani kwa mwendo wake ule ule.

Watu wakashusha pumzi. Bwana Chiwanga akaandika. Mbaruku akamrudisha paka katikati, akimnong'oneza kwamba yeye ni dume kweli kweli. Na Mwajabu akajua kuwa hata kukataa kwa niaba ya paka hakuwezi, kwa kuwa huko nako ni kumsemea.

"Bwana Chiwanga," akasema, "kabla ya mara ya pili, nakuomba bangili uivae wewe."

Mkaguzi akamwambia taratibu kwamba sheria imetaja mlezi.

"Imemtaja mlezi ili ajue moyo wa paka. Mimi ninaousikia humu ni wangu."

Akamweleza kwa maneno machache. Vibua, homa, uji, kopo la mchele. Hakupaza sauti, lakini ghala lile lina mwangwi na kila mtu alisikia. Mtu mmoja kule nyuma alianza kucheka ilipotajwa ile funga, halafu kicheko kikamkauka. Bwana Chiwanga akafunga daftari, akakaa anaitazama bangili.

"Mimi sifungi, mama," akasema, kama mtu anayetafuta pa kutokea.

"Hii si ya kufunga, baba. Vaa tu, tumuulize."

Akaivaa. Ilimbana, ikaishia juu kidogo ya kiganja. Mwajabu akauliza mara ya pili. Mbaruku hakuwa amefika tano. Mheshimiwa alielekeza uso kwenye kijilango cha uwanjani, harufu ya maji ikamjia, na manyoya yote ya mgongo yakasimama. Akajikunja upinde, akafoka, jambo ambalo katika miaka sita hakuna aliyepata kulisikia kwake. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Na Mbaruku, aliyekuwa akitazama pande zote mbili, aliona kilichomfanya asahau hesabu. Bwana Chiwanga naye alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, jasho linamtoka, wala hajijui.

Mkaguzi akaivua bangili haraka kama aliyeshika sufuria ya moto. Akapumua. Paka naye akapumua, mgongo ukashuka.

Kisha mkaguzi akauliza lile ambalo Mwajabu alilitazamia tangu asubuhi. Aliuliza kuhusu zile filamu sita zilizotangulia, zenye muhuri, ambazo watoto wa nchi nzima wameziona.

"Ziandike na hizo," Mwajabu akasema.

"Jina lako ndilo lililo chini ya kila muhuri, mama. Unajua watakavyosema."

"Najua. Andika."

Akaandika. Kalamu ilisikika. Kisha akasema, kwa sauti ya kazi yake, kwamba sheria inataka mara tatu na mara ya tatu bado. Mwajabu akaitia bangili katika kopo la mchele alilokuja nalo, akalifunga, akampa seremala mmoja alipeleke mpaka getini na abaki nalo huko. Wakangoja mpaka seremala alipoinua mkono kule getini kwamba limefika.

"Mheshimiwa," akasema, na safari hii hakujua atajibiwa nini, "uko radhi?"

Mbaruku akaanza moja. Paka alikitazama kijilango cha uwanjani. Alikitazama cha uani, jua lilikuwa kali mchangani. Ishirini. Akakaa. Thelathini. Akajikuna chini ya sikio lenye kipini kwa mguu wa nyuma, muda mrefu, kama anayetaka kukitoa. Arobaini na tatu. Kisha akavipa kisogo vijilango vyote viwili, akapita katikati ya miguu ya Bwana Chiwanga, akaja mpaka chini ya kiti cha Mwajabu.

Ndani ya uwanja ikasikika sauti ya maji yakianza kukimbia. Ghanima alikuwa ameinama, amefungua koki ya kutolea maji ya bwawa kwa mikono yake mwenyewe. Hakumtazama mtu.

Mheshimiwa akala kibua cha kwanza. Akala cha pili, akatema mwiba, akala cha tatu, mchana kweupe, mbele ya watu waliofunga, na hakuna aliyecheka. Mwajabu alishika kifundo cha mkono wake, pale penye ngozi iliyopauka. Hapakuwa na joto wala baridi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita hakujua kabisa paka yule anaona nini moyoni mwake. Akavuta kiti kando asimsumbue, akakaa chini kumngoja amalize.